Nani Yuko na Huyu Mgonjwa?

Kijana mmoja alitoka Kinangop, Nyandarua, wakati wa mvua za masika, akaja Ikolomani kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Kwao ni nyanda za baridi, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Watu hulima viazi na kabichi, hulala na blanketi mbili mwaka mzima, na habari za malaria huzisikia kwa wasafiri. Alipanga chumba upande wa Iguhu, chini bondeni karibu na Mto Yala, kwa kuwa kodi ya huko ilikuwa nafuu. Majirani walimwita kwa jina la utani alilobandikwa shimoni. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa chini ya godoro.

Nitangulize neno hapa. Kijana huyu nimemtunga mimi, na kanisa nitakalolisimulia nimelitunga vilevile. Ndiyo maana hayana majina. Nimeyashona kutokana na mambo ambayo yeyote aliyewahi kukalia benchi la hospitali ya umma nchini Kenya ameyaona kwa macho yake. Lakini mahali nilipomweka ni pa kweli, na ugonjwa niliompa ni wa kweli.

Iguhu inajulikana sana kwa wanasayansi wa malaria. Kwa miaka mingi watafiti wamepima mbu na damu za watu katika bonde hili lililo kati ya mita 1,430 na 1,580, wakitaka kuelewa jinsi ugonjwa wa nyanda za chini unavyopanda milimani. Kandokando ya Yala, pale vinamasi vilipofyekwa vikawa mashamba, maji hutuama juani yakapata joto, na mbu aina ya Anopheles gambiae hutaga humo. Watu wa bondeni huambukizwa zaidi kuliko watu wa juu mlimani, ingawa wanaweza kuitana kutoka boma hadi boma. Mwenyeji aliyeugua malaria mara nyingi utotoni hujenga kinga ya kiasi, hata anaweza kuwa na vimelea damuni na bado akashika jembe. Mtu wa Kinangop hana kinga hiyo. Mbu yule yule, usiku ule ule, chumba kile kile: mwenyeji ataamka na kichwa kizito, mgeni anaweza kufa. Ugeni hauishii kwenye lugha na ukoo. Umo hata ndani ya damu.

Baada ya wiki mbili hivi, siku ya Ijumaa, kijana alishikwa na homa. Jumamosi alinunua vidonge vya maumivu dukani akavimeza bila kula. Jumapili asubuhi aliona giza machoni, akaamua kwenda hospitali ya Iguhu kwa miguu. Simu haikuwa na chaji, akaiacha chumbani imechomekwa.

Malaria ikishafika kichwani, mtu hupepesuka. Ulimi huwa mzito, maneno hayaungani, macho hutazama asichokiona. Kijana alipofika kwenye ua wa kanisa alikuwa anazungumza Kikuyu na watu wasiokuwepo. Akakaa chini, kisha akalala. Ilikuwa siku inayofuata Jumamosi ya malipo, na kila mtu aliyempita alijua, au alidhani anajua, alichokunywa usiku ule. Chang'aa haikosekani karibu na machimbo.

Ndani ibada ilikuwa imenoga. Kulikuwa na mgeni wa heshima na harambee ya mabati. Watu walipotoka walimkuta pale, na hapa ndipo nataka msomaji anifuate taratibu, kwa sababu si kweli kwamba walimpita kama jiwe.

Mweka hazina wa kanisa, mzee mwenye heshima zake, alisimama. Alisema kwa sauti ya huzuni kwamba pombe inawamaliza vijana, akawaambia wavulana wawili wamsogeze kivulini, chini ya mparachichi, jua lisimchome. Kisha akaenda, kwa kuwa mkoba wa harambee ulikuwa mkononi mwake na mgeni alikuwa anasubiriwa mezani. Mama mmoja wa umoja wa akina mama alimletea sahani ya wali na kipande cha kuku na kikombe cha maji, akaviweka karibu na mkono wake. Kiongozi wa vijana alipiga magoti kabisa, suruali yake nzuri ikagusa matope, akamwekea mkono kwenye paji la uso. Alishtuka. "Huyu ana homa," akasema, akaomba kwa muda mrefu na kwa machozi. Mama mwingine alitoa shilingi mia akamtuma mtoto aite pikipiki.

Pikipiki ikaja. Yeyote anayeishi kijijini Kenya anajua namna mgonjwa asiyejiweza anavyobebwa: dereva mbele, mgonjwa katikati, na mtu mwingine nyuma wa kumshika asianguke. Dereva alimtazama kijana, akatazama watu, akauliza, "Nani anapanda naye?"

Watu wakatazamana. Mmoja alikuwa na wageni nyumbani. Mmoja alikuwa amevaa nguo ya kwaya, na kwaya ilikuwa na ratiba ya kuimba mahali pengine saa nane. Mmoja alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba akiachwa apumzike kidogo pombe itamtoka. Dereva akarudisha ile mia.

Kivuli, chakula, maombi, nauli. Kila mmoja alitenda jambo jema, na jema lenyewe lilikuwa la kweli. Ila kila jema lilikuwa na kipimo kimoja: lilitosha kumfanya mtendaji aondoke na moyo mwepesi. Kijana alibaki chini ya mparachichi na sahani iliyoanza kuingiwa na siafu.

Saa kumi na mbili jioni vijana wawili wa stendi ya pikipiki, waliokuwa wamemwona tangu mchana, walimchukua bila kulipwa, mmoja akiendesha na mmoja akimshika. Hospitalini muuguzi aliuliza swali linaloulizwa kila siku katika kila hospitali ya nchi hii: "Nani yuko na huyu mgonjwa?"

"Sisi tumemleta tu, sista."

Wakaondoka. Waliogopa kuandikishwa, waliogopa kuitwa polisi akifa, na abiria walikuwa wanangoja. Sitawalaumu, walifanya kile ambacho kanisa zima lilishindwa kufanya.

Wahudumu walifanya kazi yao. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, na jibu lilikuja. Alidungwa artesunate, sukari yake ikapimwa ikakutwa chini, akawekewa maji ya sukari mshipani. Lakini daktari alikuwa na maswali yasiyojibiwa na chombo chochote. Homa ilianza lini? Amemeza dawa gani? Ametapika? Amepatwa na degedege? Kuna dawa inayomdhuru? Ana ndugu wa kumtolea damu? Mgonjwa alikuwa na saa nyingi za kulala kwenye ua wa kanisa ambazo hakuna mtu aliyeweza kuzisimulia. Alihamishwa usiku kwenda Kakamega akiwa peke yake kwenye kitanda cha ambulensi, akafariki kabla ya alfajiri. Kwenye daftari aliandikwa mwanamume asiyejulikana, umri wa miaka 25 hivi.

Kule bondeni simu iliita nyuma ya mlango uliofungwa, ikaita, ikanyamaza. Baada ya siku tisa mwenye nyumba alivunja kufuli kwa ajili ya kodi, akainua godoro, akaona kitambulisho.

Sasa angalieni kanisa lile lilivyoamka. Habari zilipoenea kwamba yule "mlevi" alikuwa na mama, na kwamba mama huyo yuko njiani kuja kutoka Kinangop, kamati iliundwa jioni ile ile. Likafunguliwa kundi la WhatsApp. Jeneza likapatikana, gari la kusafirisha mwili likakodiwa, kwaya ikajitolea kusindikiza, akina mama wakapika kwa zamu. Michango ya juma moja ikazidi ile ya mabati. Magharibi ya Kenya watu wanajua kuzika. Nchi ya Waisukha na Waidakho imejaa desturi nzito za kumuaga marehemu. Mzee wa heshima akifa, ng'ombe dume huletwa kwenye sherehe ya shilembe, na ngoma za isukuti hupigwa mpaka ardhi itetemeke. Maiti haikosi watu. Aliyekosa watu ni yule aliyekuwa bado anapumua.

Mama alifika. Alishangaa kuona wema wote ule kutoka kwa watu asiowajua, tena katika nchi aliyokuwa akitajiwa kwa hofu tangu ghasia za 2008. Alilia akawashukuru mmoja mmoja. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Nyandarua:

"Wanangu, Mungu awabariki. Sasa nionyesheni yule alikuwa na mtoto wangu. Nataka nimshike mkono."

Mzee wa hazina alitazama chini. Kiongozi wa vijana alitazama ukuta. Kila mmoja alikuwa na jambo la kutaja: mimi nilimsogeza kivulini, mimi nilimletea chakula, mimi nilimwombea. Hakuna aliyelitaja.

Kisa kinaishia hapo. Kinachonisumbua ni kwamba ndani yake hakuna mtu mbaya. Tungempata mmoja aliyemsukuma kijana kwa mguu, au aliyempekua mifuko, tungemtwika lawama yote tukalala. Lakini hawa ni watu wanaosali, wanaotoa, wanaolia wanapoomba. Kosa lao ni jembamba na ndiyo sababu ni la hatari: walitoa vitu ili wasitoe nafsi zao. Mgeni anayeumwa anahitaji vitu, sikatai. Ila kabla ya vitu anahitaji mtu mmoja atakayesema kwamba kuanzia sasa huyu ni wangu, mpaka hapo atakapopatikana mwenyewe. Bila mtu huyo, wema wa watu ishirini haufiki hospitalini.

Msamaria wa Injili ya Luka sura ya 10 tumemhubiri mpaka tumemchosha, lakini naona tunamhubiri nusu. Tunaishia kwenye mafuta na divai. Ukisoma kwa utulivu utaona kwamba kufunga majeraha kunachukua sehemu ndogo ya kisa. Yanayofuata ndiyo mengi. Alimpandisha kwenye mnyama wake, maana yake yeye mwenyewe alitembea. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni ya kilomita 27 hivi, inateremka zaidi ya mita 1,000 kupitia majabali na makorongo yanayoficha wanyang'anyi. Si njia ya kutembea polepole na mtu anayevuja damu. Alimfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamtunza, na wakalala humo, kwa sababu kisa kinasema aliondoka kesho yake. Akalipa dinari mbili, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kama tunavyoona kwenye mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Kisha akasema neno ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: kitakachozidi nitalipa nitakaporudi. Yule mtu aliyepigwa akawa na mtu wake. Mwenye nyumba ya wageni angeulizwa nani yuko na huyu, angekuwa na jibu.

Yakobo katika waraka wake aliliona jambo hili hili. Anamtaja mtu anayemkuta ndugu hana nguo wala chakula, akamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa anachohitaji mwili. Ni salamu nzuri, yenye baraka, na haina faida. Na katika hukumu ya Mathayo 25, walioko mkono wa kushoto hawashtakiwi kwa kumpiga mgeni. Wanashtakiwa kwa kutomkaribisha, na kwa kutomwendea mgonjwa. Hakuna ushahidi kwamba walimchukia.

Msomaji wa Idakho anaweza kuniambia kwamba mimi nawaonea, kwa kuwa ukarimu ni wa kwao tangu mababu. Ni kweli. Mgeni akiingia boma la Mluhya atachinjiwa kuku, ingoho, hata kama kuku ni mmoja. Atasalimiwa mulembe, atapewa kiti kabla ya kuulizwa shida. Lakini tuangalie huyo mgeni ni nani. Ni shemeji, ni rafiki wa mtoto, ni mtu aliyetumwa na fulani. Ni mgeni wa mtu. Anapoingia langoni ameshikwa na uzi unaomuunganisha na jina linalojulikana. Kijana wa Kinangop hakuwa mgeni wa mtu yeyote. Desturi ya kuku haikumfikia kwa sababu hakuwa na lango la kuingilia. Hapo ndipo imani ya Kikristo inapodai zaidi ya desturi. Inamtaka Mkristo awe lango la mtu asiye na lango.

Woga nao una sababu zake, na ni vibaya kuudharau. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, wageni walimiminika na machepe, na wenyeji wa Isukha na Idakho walikuwa wameahidiwa kwa sheria ya mwaka 1930 kwamba ardhi yao haitaguswa bila kufidiwa kwa ardhi nyingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria hiyo ili wachimbaji wapite. Watu waliojifunza hivyo kuhusu wageni hawasahau upesi. Leo kuna wezi wanaojifanya wagonjwa barabarani, na kuna raia wema waliomfikisha majeruhi hospitalini wakaishia kuhojiwa kana kwamba wao ndio waliomgonga. Mzazi anayemwonya mwanawe ajihadhari hatendi dhambi. Kwa hiyo simwambii mtu aende peke yake gizani kumwinua asiyemjua. Nasema waende wawili, waite wa tatu, watoe taarifa kwa mzee wa mtaa. Lakini mchana wa Jumapili, mbele ya kanisa lenye watu mia mbili, woga wa wezi hauna pa kusimama. Pale palikuwa na haraka tu.

Sheria ya nchi, kwa upande wake, imejaribu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza adhabu: hospitali yenye uwezo ikikataa kutoa matibabu hayo inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Kati ya miaka hiyo miwili, Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akizungushwa kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi, akafa. Nchi nzima ilihuzunika. Mtu yule alikuwa na familia iliyomhangaikia na wahudumu wa ambulensi waliomsemea usiku kucha, na bado ikawa hivyo. Sasa mfikirie asiye na mtu kabisa. Haki yake imeandikwa kwenye katiba, ila yeye amelala hawezi kutamka jina lake, sembuse kifungu.

Sipendi kumwacha msomaji kwenye aibu peke yake, kwa kuwa nchi hii imeona pia watu waliobeba wageni hadi mwisho. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakang'olewa makwao. Siku ya mwaka mpya, 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Katika mji huo huo Askofu Cornelius Korir, Mkalenjin, alifungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu kwa watu wapatao 10,000, wengi wao Wakikuyu waliokuwa wakiwakimbia vijana wa kabila lake yeye.

Watu hukumbuka ujasiri wa kufungua lango. Mimi huwaza zaidi siku iliyofuata. Watu elfu kumi wanahitaji vyoo asubuhi. Wanahitaji maji, unga, sufuria, mahali pa kujifungulia mjamzito, mtu wa kuandika majina ya watoto waliopotezana na mama zao. Siku ya tatu wanahitaji hayo yote tena, na siku ya kumi. Majirani wanakunung'unikia, wengine wanakuita msaliti wa damu yako. Korir aliyabeba, kisha baada ya moto kuzimika akaendelea kuzunguka vijijini kuwapatanisha waliochomeana nyumba, kazi aliyoieleza katika kitabu chake kiitwacho Amani Mashinani, mpaka alipofariki mwaka 2017. Huko ndiko kurudi kulipa kilichozidi.

Na kuna mwalimu Salah Farah. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na wapiganaji wa al-Shabaab, wakaamuru Waislamu na Wakristo watengane. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, amri kama hiyo ilikuwa imemaliza maisha ya abiria 28. Safari hii Waislamu walikataa kutengana. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki katikati ya Januari 2016 akitibiwa Nairobi. Mkristo anayesoma habari hii asiikimbilie kama hadithi ya kupendeza tu. Yesu alipomchagua Msamaria kuwa mfano, alimchagua mtu ambaye wasikilizaji wake walimwona ni wa dini potovu, akampa yeye nafasi ambayo kuhani na Mlawi waliiacha wazi. Nafasi hiyo bado iko, na haimwulizi mtu kadi ya ubatizo.

Wala kanisa la magharibi ya Kenya halina kisingizio cha kusahau. Imani yenyewe ililetwa na wageni. Marafiki, yaani Wakwekeri, walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakafika Mukumu mwaka 1906. Walikuwa watu wasiojua njia wala lugha, nao hawakuwa na kinga ya malaria. Walionyeshwa visima na vijia, walitafsiriwa maneno na watu ambao hawakuwa na sababu ya kuwaamini.

Nirudi kwenye jambo la vitendo. Makanisa mengi yana kamati ya kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa, na karibu zote zina kanuni moja: anayesaidiwa ni mwanachama aliyelipa ada yake hadi mwezi huu. Naelewa kanuni hiyo ilikotoka. Bila hiyo mfuko ungekauka. Lakini ni kanuni inayoweza kumwacha mtu afe kwenye ua wa kanisa huku fedha za kumwokoa zikiwa kwenye mkoba unaopita kando yake. Naamini ikiguswa, hofu ya wazee itakuwa moja: tutamalizwa. Kila mlevi wa machimboni ataletwa kwetu.

Hofu hiyo Msamaria aliijibu. Hakuuza mnyama wake. Hakuacha safari zake akawa muuguzi maisha yake yote. Alitoa ujira wa siku mbili, akamkabidhi mwenye kazi ya kutunza, akaendelea na safari yake, akaahidi kurudi. Alikuwa na mipaka, ila mipaka yake aliiweka baada ya mgonjwa kufika mahali salama, si kabla. Wazee wa kanisa lolote lililo jirani na hospitali wanaweza kukokotoa gharama ya mwaka mzima kwa kipimo hicho: nauli ya pikipiki kwenda na kurudi, chupa ya maji, shuka moja la ziada, pesa ya simu.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Ukimkuta mtu anapepesuka, usiamue kwa pua. Watu wenye sukari ya chini, malaria ya kichwa au jeraha la ubongo huonekana walevi, na mlevi naye anaweza kuwa na yote hayo. Mguse paji la uso. Muulize jina na alikotoka mapema, kabla ulimi haujafunga, kwa kuwa baada ya saa moja huenda asiweze kukujibu. Mtafutie simu au kitambulisho mbele ya mashahidi wawili. Kaa nyuma kwenye pikipiki. Hospitalini sema umemkuta wapi, saa ngapi, alikuwa anafanya nini, kama ametapika au kutetemeka. Maneno hayo humsaidia daktari kama kipimo kimojawapo. Andikisha jina lako na namba yako bila kuficha. Rudi kesho yake saa ya kuona wagonjwa, hata kwa dakika kumi, kwa maana mgonjwa anayetembelewa huulizwa hali, na anayeulizwa hali hasahauliki kwenye kona ya wodi.

Kwa kanisa zima, zamu ya watu wawili kila wiki inatosha, namba zao zikiwa mezani kwa muuguzi wa zamu ili akimpokea mtu asiye na mwenyewe awe na wa kumpigia. Kamati ya mazishi tayari ina mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Kazi hii inahitaji ukurasa mmoja wa daftari hilo, na watu wawili ambao Jumapili yao haina haraka ya kwenda mezani.